Mpangilio wa sumaku katika fuwele za kairali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa fizikia wa Uganda wanaopenda kusoma sayansi kwa Kiswahili: walio S5 na S6 kwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati), walioanza chuo Makerere, Mbarara, Kyambogo au Busitema, na walimu wao. Maswali ni yale ninayoulizwa kila ninapofundisha mada hii. Baadhi yana majibu mafupi. Mengine, hasa lile la nguvu inayosokota mishale ya sumaku, nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ukilielewa hilo mengine mengi yanafunguka yenyewe.

Mpangilio wa sumaku ni nini hasa?

Atomu yenye elektroni zisizo na mwenzi ni sumaku ndogo. Mwelekeo wake tunauchora kama mshale na kuuita spini. Kwenye joto kali mishale hii huelekea huku na huko, kila mmoja kivyake, na wastani wake ni sufuri. Ukipoza fuwele, hufika halijoto ambapo nishati inayofanya majirani wapatane inashinda fujo ya joto. Hapo mishale ya fuwele nzima huanza kufuata kanuni moja. Kwa chuma jambo hilo hutokea kwenye 770°C, ndiyo maana msumari wa dukani tayari umo ndani ya mpangilio.

Shuleni tunafundishwa kanuni mbili: mishale yote kuelekea upande mmoja, kama katika chuma, kobalti na nikeli, au mishale kupishana, mmoja juu na jirani yake chini, hadi jumla ifutike. Wengi wanamaliza shule wakiamini kwamba orodha imeishia hapo. Kuna kanuni ya tatu, na ndiyo mada yetu: kila mshale unageuka kidogo tu kuliko uliotangulia, hatua kwa hatua, mpaka baada ya umbali fulani umekamilisha mzunguko mzima na kuanza upya.

Fuwele kuwa kairali maana yake nini?

Ni kwamba taswira yake kwenye kioo haiwezi kulaliana nayo hata uigeuze vipi. Mkono wa kulia na wa kushoto ndiyo mfano wa kila mtu. Louis Pasteur alionyesha mwaka 1848 kwamba chumvi za asidi ya tartariki hutoa fuwele za aina mbili, moja ikiwa taswira ya kioo ya nyingine, na kwamba kila aina huzungusha mwanga upande wake. Kwazi pia, jiwe ambalo limejaa katika miamba yetu, lina aina ya kulia na ya kushoto.

Zingatia kwamba mkono haumo ndani ya atomu. Manganisi haina mkono, silikoni haina mkono. Zikipangwa pamoja kwa uwiano wa moja kwa moja kuunda MnSi, katika muundo ambao wanafuwele huuita B20 (kundi la ulinganifu P2₁3), mpangilio huo wa mahali ndio wenye mkono. Muundo huo hauna kioo ndani yake wala kitovu cha ugeuzo, yaani nukta ambayo ukivusha kila atomu kupitia kwake hadi ng'ambo utaikuta fuwele ileile.

Ni nguvu gani inayosokota mishale?

Hapa ndipo penye kiini, tusikimbie.

Nguvu ya kwanza kati ya spini mbili jirani ni mwingiliano wa kubadilishana. Tunaupima kwa herufi J. Katika sumaku tunazozizungumzia hapa, J inataka mishale miwili iwe sambamba. Ingekuwa peke yake, tungepata sumaku ya kawaida na mazungumzo yangeisha.

Nguvu ya pili huandikwa D·(S₁×S₂). Ni zao la vekta la spini mbili, lililozidishwa na vekta D ya fuwele. Igor Dzyaloshinskii aliifikia mwaka 1958 kwa hoja za ulinganifu tu, kisha Toru Moriya akaonyesha mwaka 1960 inakotoka ndani ya atomu: ni mchanganyiko wa kubadilishana na uhusiano uliopo kati ya spini ya elektroni na mwendo wake kuzunguka kiini. Kwa kuwa zao la vekta ni kubwa kabisa mishale ikiwa na pembe mraba, na ni sufuri ikiwa sambamba, D inapingana na J. Moja inataka digrii 0, nyingine inataka digrii 90. Suluhu iko katikati: kwa mnyororo sahili wa spini, tanjiti ya pembe kati ya majirani ni D/J.

Sasa kwa nini nguvu hii haipo katika kila sumaku? Weka spini mbili, moja kushoto na nyingine kulia, na udhani katikati yao kuna kitovu cha ugeuzo. Geuza fuwele kupitia kitovu hicho. Spini haibadili mwelekeo wake kwa ugeuzo, kwa sababu ni kitu cha mzunguko, si cha mahali. Lakini nafasi zimebadilishana: iliyokuwa ya kwanza sasa ni ya pili. Hivyo S₁×S₂ imekuwa S₂×S₁, ambayo ni ileile yenye alama ya kutoa. Fuwele inasema hakuna kilichobadilika. Zao linasema alama imegeuka. Njia pekee ya kuzipatanisha kauli hizo ni D kuwa sufuri. Ondoa kitovu, na D inaruhusiwa kuwepo. Naipenda hoja hii kuliko nyingine yoyote katika fizikia ya yabisi: haihitaji kifaa wala jedwali la tarakimu, na mwanafunzi wa S6 aliyeelewa zao la vekta anaweza kuifuata hadi mwisho.

Fikiria kamba ya nyuzi za mgomba. Anayeisuka huamua kama nyuzi zipinde kulia au kushoto, na ukishaisuka, uitazame kutoka ncha hii au ile, upande wa msokoto ni uleule. Kuugeuza kunahitaji kioo au kuisuka upya. Msokoto wa mishale uko hivyo hivyo. Alama ya D, inayotokana na mkono wa fuwele, ndiyo inayosuka.

Kwa nini msokoto ni mrefu sana kuliko umbali kati ya atomu?

Kwa sababu D ni ndogo kuliko J. Urefu wa msokoto mmoja mzima ni takribani 2πaJ/D, ambapo a ni umbali wa jirani hadi jirani. D ikiwa ndogo, pembe ni ndogo, na unahitaji hatua nyingi kukamilisha mzunguko.

MnSi ina seli ya fuwele yenye upana wa nanomita 0.456, na msokoto wake una nanomita 18 hivi. Hizo ni seli 40, kila moja ikiongeza kama digrii 9. FeGe, yenye muundo uleule wa B20, huchukua nanomita 70. Pembe kwa kila seli haifiki digrii 3. Cu₂OSeO₃, ambayo haipitishi umeme kabisa, ina nanomita 60 na kidogo. MnGe iko upande wa pili wa kipimo: nanomita 3 tu, na wataalamu wengi hawaridhiki kuieleza kwa J na D peke yake.

Kuna nguvu ya tatu, dhaifu kuliko zote mbili: ile inayopendelea mihimili fulani ya fuwele. J huamua kwamba mishale ikae karibu sambamba, D huamua isokotwe kwa urefu gani na kwa mkono upi, na hii ya tatu huamua msokoto uelekee wapi. Katika MnSi unaelekea ulalo wa mchemraba, yaani mhimili [111]. Katika Cu₂OSeO₃ unafuata ukingo wake, [100]. Mtu akikuuliza swali lolote kuhusu sumaku hizi, jiulize kwanza ni ngazi ipi kati ya hizo tatu inayoguswa. Mara nyingi jibu limeshajitokeza nusu.

Je, kila sumaku yenye msokoto ni ya kairali?

Hapana, na wanafunzi huchanganya sana hapa. Holmi na disprosi, metali mbili za ardhi adimu, zina misokoto maridadi, ila fuwele zao zina kitovu cha ugeuzo. Msokoto wao hutokana na ushindani mwingine: jirani wa karibu anataka sambamba, jirani wa mbali anataka kinyume. Akira Yoshimori alieleza msokoto wa aina hiyo katika MnO₂ mwaka 1959. Tofauti ya kupima ni hii: katika holmi, msokoto wa kulia na wa kushoto una nishati sawa, na sehemu za fuwele moja zinaweza kubeba mikono yote miwili. Katika MnSi yenye mkono mmoja, msokoto ni wa mkono mmoja fuwele nzima. Pia urefu wa msokoto wa ushindani kwa kawaida ni mfupi, wa seli chache tu.

Uganda tuna chuma cha Muko na shaba ya Kilembe. Madini hayo yana sifa hizi?

Swali zuri, na jibu lake ni la kuvutia kuliko "hapana".

Madini ya chuma ya Muko, kusini-magharibi upande wa Kigezi, ni hematiti, yaani α-Fe₂O₃. Hematiti si kairali. Muundo wake una kitovu cha ugeuzo. Lakini kitovu hicho hakiko katikati ya kila jozi ya atomu za chuma. Kwa jozi zisizo na kitovu katikati, D ipo, ila inapishana alama ndani ya fuwele kwa namna ambayo haijengi msokoto. Kinachotokea ni kwamba mishale inayopaswa kupingana kikamilifu inainama kidogo kuelekea upande mmoja, sehemu ndogo ya digrii. Jumla haifutiki kabisa. Hematiti inabaki na usumaku hafifu.

Ni usumaku huo hafifu wa hematiti uliomfanya Dzyaloshinskii aandike kazi yake ya 1958. Nadharia nzima ya sumaku za kairali ilianzia kwenye jiwe jekundu la aina hiyo hiyo inayolala Muko. Mwalimu anayefundisha Kabale au Rubanda ana kipande cha historia hii chini ya miguu ya wanafunzi wake, na ningefurahi kukiona juu ya meza ya darasa. Jambo moja la kuongeza: mwinamo huo hutoweka hematiti safi ikipozwa chini ya kelvini 260 hivi, yaani karibu −13°C. Baridi ya Kabale haifiki huko, kwa hiyo jiwe la Muko liko upande wenye usumaku hafifu mwaka mzima.

Kilembe ilitoa shaba na kobalti. Zote mbili zinaingia katika fuwele za kairali, shaba katika Cu₂OSeO₃ na kobalti katika michanganyiko ya Co-Zn-Mn na Fe-Co-Si. Hata hivyo fuwele zenyewe hazichimbwi. Hukuzwa maabara: MnSi kutoka kwenye kimiminika cha moto, Cu₂OSeO₃ kwa kusafirisha mvuke ndani ya mrija wa kioo uliofungwa, upande mmoja moto kuliko mwingine, kwa wiki kadhaa.

Nikiweka uga wa sumaku kutoka nje, nini kinatokea?

Chukua MnSi kwenye halijoto ya chini. Bila uga, misokoto inafuata mihimili ya [111]. Uga ukifika kama tesla 0.1, misokoto yote inageuka na kuelekea uga, na mishale inaanza kuinama mbele. Umbo linakuwa kama pia (koni), mishale yote ikizunguka huku imeegemea upande wa uga. Uga ukizidi, mishale inajikunja zaidi, hadi karibu tesla 0.6 ambapo yote inakuwa sambamba na msokoto umekwisha. Umeona ngazi? Kugeuza mwelekeo kulihitaji kushinda nguvu ya tatu tu, ile dhaifu. Kuufuta msokoto kulihitaji kuishinda D.

Karibu na halijoto ya kuanza mpangilio, kelvini 29 hivi, kuna kipande kidogo cha mchoro wa awamu (ramani ya halijoto na uga) ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kama awamu ya A. Kipo kuzunguka tesla 0.2. Watu walijua kuna kitu humo. Hawakujua ni nini.

Na ndani ya awamu ya A kulikuwa na nini?

Skirmioni. Mwaka 2009 kundi la Sebastian Mühlbauer, Christian Pfleiderer, Peter Böni, Achim Rosch na wenzao walipitisha nyutroni ndani ya MnSi kwenye tanuri la nyuklia la FRM II, Garching, karibu na Munich. Nyutroni haina chaji lakini ina spini, hivyo hupenya fuwele na kutawanywa na mpangilio wa mishale. Msokoto mmoja hutoa madoa mawili kwenye kipokezi, moja kila upande. Wao, wakiwa wameelekeza miale sambamba na uga, waliona madoa sita yaliyopangwa kama pembesita.

Maana yake ni kwamba mishale ilikuwa imejipanga katika vimbunga vidogo vilivyosimama wima kama nguzo, kila kimoja kikizungukwa na sita. Katikati ya kila kimbunga mshale unaelekea kinyume na uga. Ukielekea nje, mishale inapinduka taratibu huku ikizunguka kwa mkono uleule, mpaka pembezoni inaungana na uga. Ukikusanya mishale yote ya skirmioni moja na kuweka mikia yake kwenye nukta moja, vichwa vyake vinafunika tufe zima mara moja kamili. Idadi hiyo ya kufunika ni namba nzima, haiwezi kuwa nusu, na huwezi kuibadili kwa kuipinda mishale kidogo kidogo. Ndiyo sababu skirmioni moja ikishaumbika inakuwa na uimara wake.

Jina linatokana na Tony Skyrme, mwanafizikia Mwingereza aliyependekeza maumbo ya aina hii miaka ya 1960 kueleza chembe za kiini cha atomu. Kwamba yangetokea kwenye sumaku zisizo na kitovu cha ugeuzo kulitabiriwa na Alexei Bogdanov na Dmitry Yablonskii mwaka 1989, miaka 20 kabla ya vipimo vya Garching. Mwaka 2010 kundi la Xiuzhen Yu na Yoshinori Tokura nchini Japani liliziona moja kwa moja kwa hadubini ya elektroni katika utando mwembamba wa Fe₀.₅Co₀.₅Si, nanomita 90 kila moja, zimejipanga safi. Kwenye utando mwembamba skirmioni huenea sehemu kubwa ya mchoro wa awamu, si kipande kidogo kama katika MnSi nene, kwa sababu lile umbo la pia halipati nafasi ya kusimama vizuri.

Hizi zote zinahitaji baridi kali. Kuna inayofanya kazi kwenye joto letu?

Tuzipange kwa baridi. MnSi, kelvini 29: unahitaji heliamu au mashine maalumu ya kupoza. Cu₂OSeO₃, kelvini 58, bado iko chini ya naitrojeni kioevu, ambayo huchemka kwenye 77. CrNb₃S₆ huanza mpangilio wake karibu kelvini 130, na hapo naitrojeni inatosha. Naitrojeni kioevu si kitu kigeni hapa: wahimilishaji wa ng'ombe huitumia wilayani kuhifadhi mbegu. Kwa maabara ya chuo isiyo na heliamu, hiyo CrNb₃S₆ ndiyo ningeanza nayo. Msokoto wake una nanomita 48 na unafuata mhimili mmoja tu. Ukiweka uga mraba na mhimili huo, msokoto unafunguka kidogo kidogo na kubaki mfululizo wa mikunjo iliyotenganishwa na sehemu zilizonyooka, jambo ambalo Yoshihiko Togawa na wenzake walilipiga picha mwaka 2012.

FeGe huanza kwenye kelvini 278, yaani karibu 5°C. Kampala, kwenye 25°C, ni kipande cha metali kisicho na mpangilio. Kibebe hadi kwenye barafu ya Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, nacho kinajisokota. Na michanganyiko ya Co-Zn-Mn yenye muundo wa β-Mn hubeba skirmioni kwenye joto la chumba na zaidi; ilitangazwa mwaka 2015.

Uganda inapitiwa na ikweta. Msokoto hubadili mkono ukivuka mstari?

Hapana. Swali hili huletwa na maonyesho ya beseni za maji pale Kayabwe, barabara ya Masaka, ambapo wageni huonyeshwa maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Katika beseni dogo, mzunguko wa Dunia ni hafifu mno kuamua hilo. Upande hutokana na namna maji yalivyomiminwa. Na kwa sumaku zetu Dunia haina neno kabisa. Uga wa Dunia hapa ni kama mikrotesla 30 na kidogo, wakati awamu ya A ya MnSi inataka tesla 0.2, zaidi ya mara 5,000. Mkono uliamuliwa siku fuwele ilipokua. Ukianza na mbegu ya fuwele ya mkono fulani, fuwele kubwa huufuata.

Kuna njia moja ya kugeuza msokoto bila kugeuza mkono wa fuwele, nayo ni kubadili elektroni. Katika Mn₁₋ₓFeₓGe, ukiongeza chuma taratibu, D inapungua, inapita sufuri x ikiwa karibu 0.8, kisha inarudi kwa alama nyingine. Pale pa sufuri msokoto unarefuka mno na sumaku inafanana na ile ya kawaida. Hii yatukumbusha kwamba D ina ukubwa na alama, na vyote viwili hutoka kwa elektroni zilizoko ndani ya muundo, si kwa muundo mtupu.

Shinikizo je?

Kwa ufupi: MnSi ikibanwa hadi karibu gigapaskali 1.5, mpangilio wake hutoweka hata karibu na sufuri kamili, na ukinzani wake wa umeme huacha kufuata mraba wa halijoto kama metali za kawaida na kufuata kipeo 1.5. Ni somo lenyewe.

Zina kazi gani?

Skirmioni zilipoonwa, wengi walifikiria kumbukumbu za kompyuta: skirmioni ipo ni 1, haipo ni 0, na unazisukuma kwa mkondo kwenye utepe mwembamba. Matumaini yalikua mwaka 2010 ilipoonekana kwamba katika MnSi mkondo wa takribani ampea milioni moja kwa mita ya mraba unatosha kuzisogeza. Kuta za kawaida kati ya maeneo ya sumaku huhitaji mikondo mikubwa zaidi mara maelfu kwa maelfu. Elektroni inayopita juu ya skirmioni hulazimika kufuata mishale, na kwa kufanya hivyo inapindishwa kana kwamba imepita kwenye uga wa ziada. Upindaji huo hupimwa kama volteji ya pembeni, na ni mojawapo ya ushahidi bora wa kiumeme.

Mimi ningemshauri kijana asiingie kwenye mada hii kwa sababu ya kumbukumbu hizo. Bado ni kazi ya maabara, na juhudi kubwa zimehamia kwenye tabaka jembamba za metali kama platini na kobalti, ambako kitovu cha ugeuzo huvunjwa na mpaka wa tabaka, wala si na fuwele ya kairali. Aingie kwa sababu hapa ulinganifu, ambao vitabu huuleta kama jedwali la kukariri, unageuka kuwa kitu kinachopimika kwa nanomita.

Nitawezaje kushiriki nikiwa Uganda?

Hatuna chanzo cha nyutroni cha kufanyia vipimo hivi nchini. Barani Afrika kipo SAFARI-1, Pelindaba, Afrika Kusini, kinachofanya kazi tangu 1965. Vituo vikubwa kama kile cha Grenoble, Ufaransa, hutoa muda wa miale kwa maombi yanayopimwa kwa ubora wake. Pendekezo zuri huanza na hesabu nzuri, na hesabu inawezekana kwenye kompyuta ya mkononi.

Programu za bure zipo: OOMMF, Ubermag kwa wanaojua Python, na mumax3 kwa mwenye kadi ya NVIDIA. Lakini kwa mara ya kwanza nakusihi uandike yako. Chukua gridi ya 40 kwa 40, kila nukta ina mshale wa urefu 1, kingo zimeunganishwa ili isiwe na mwisho. Nishati: −J mara zao nukta la majirani, −D mara sehemu ya zao lao la vekta iliyo sambamba na mstari unaowaunganisha, na −B (uga wa nje) mara sehemu ya wima ya kila mshale. Weka J = 1 na D = 0.73. Kwa msokoto unaofuata safu za gridi, pembe itakuwa digrii 36, urefu nukta 10, na gridi yako inazibeba misokoto minne bila kuikata. Anza na halijoto 2 na mishale ya kubahatisha, geuza mshale mmoja mmoja kwa kanuni ya Metropolis (badiliko linalopunguza nishati likubali; linaloiongeza likubali kwa bahati tu, na bahati hiyo hupungua ongezeko likiwa kubwa au halijoto ikiwa ndogo), poza taratibu hadi 0.01. Kwa B = 0 utapata mistari. Kwa B = 0.25 utapata kama dazeni moja ya skirmioni. Kwa B = 0.6 mishale yote itanyooka.

Ukipoza haraka mistari itavunjika na kuchanganyika. Si kosa la programu. Ipe muda zaidi. Na usichague ukubwa wa gridi usiogawanyika kwa urefu wa msokoto, kwa sababu kingo zilizounganishwa zitaulazimisha urefu usio wake na utadhani umegundua jambo.

Nikigeuza alama ya D kwenye programu, nitegemee nini?

Mistari itakuwa na mkono mwingine, na mishale ya kila skirmioni itazunguka upande wa pili. Nishati ya chini kabisa lazima ibaki ileile. Ikibadilika zaidi ya kelele ya halijoto, kuna alama uliyokosea kwenye zao la vekta, mara nyingi kwa kuhesabu jirani wa kushoto kana kwamba ni wa kulia. Namba ya kufunika tufe nayo haitabadilika alama, ingawa wengi hutarajia ibadilike: namba hiyo hufuata mwelekeo wa mshale wa katikati, na huo umeamuliwa na B. Geuza B, ukiacha D ilivyo, ndipo utaiona ikitoka −1 kwenda +1 kwa kila skirmioni.